Kamusi Inayodai Gazeti, na Gazeti Lililonyamaza

Tarehe 4 Julai 2004, wasomaji wa Lexington Herald-Leader, gazeti la jimbo la Kentucky nchini Marekani, walikuta kwenye ukurasa wa mbele masahihisho ya ajabu kidogo. Kwa kawaida gazeti husahihisha jina lililokosewa herufi au tarehe iliyoandikwa vibaya. Safari hii lilisahihisha kipindi kizima. Lilikiri kwamba lilipuuza kuripoti harakati za haki za kiraia, na likasema linasikitika. Zikachapishwa na picha za vijana weusi wa mji uleule, wamekaa kwenye kaunta walikokatazwa kukaa, wameshika mabango barabarani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mambo hayo yalitokea mjini mwao na waandishi waliyajua. Kutoyapa nafasi ulikuwa uamuzi wa wakubwa wa gazeti, na habari za watu weusi kwa jumla zilitengewa kijisafu chao cha pembeni, zisichanganyike na za wengine.

Masahihisho yale hunijia kila ninaposoma wahariri wa kujitolea wa Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni, wakibishana kama mtu fulani wa harakati zile anastahili kuwa na makala. Kanuni wanayoitumia ni fupi: awe ameandikwa kwa kina na vyanzo vya kuaminika visivyofungamana naye. Maana yake, kabla kamusi haijakutambua, gazeti, kitabu au jarida la wasomi liwe limeshakutambua. Makala ikibandikwa tangazo la kupendekezwa ifutwe, mjadala kwa kawaida huwa wazi siku saba. Mmoja atasema hakuona vyanzo. Mwingine atasema ametafuta akapata tanzia moja na kijitabu cha maadhimisho ya kanisa. Wa tatu ataandika "ifutwe", ataweka sahihi yake na kwenda zake. Sioni ubaya wa nia kwa hata mmoja wao. Na kanuni yenyewe ni nzuri, tusidanganyane. Bila hiyo kamusi ingejaa wauza dawa za miujiza na wafanyabiashara wanaojiandikia sifa usiku wa manane.

Ila kanuni inachukulia kwamba aliyekuwa akiamua nani aandikwe hakuwa na upande. Huko Kusini mwa Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, alikuwa na upande. Mwenye gazeti la mji alikula meza moja na meya, na matangazo yake yalitoka kwa wenye maduka yaleyale yaliyokuwa na kaunta za wazungu watupu. Leo kamusi ikienda kuliuliza gazeti hilo nani alikuwa mtu muhimu mwaka 1961, ni kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Wanaojaribu kuziba mapengo haya ni watu wachache wanaofanya kazi bila malipo. Mradi wa Women in Red ulianza 2015, wakati wasifu wa wanawake katika Wikipedia ya Kiingereza ulikuwa kama asilimia 15 ya wasifu wote. Sasa ni kama asilimia 20. Mwaka huohuo likaanzishwa New York kundi la AfroCROWD, kuwavuta watu wenye asili ya Afrika waingie katika uhariri, kwa sababu katika Marekani wahariri wanaojitambulisha kuwa weusi ni wachache mno. Kazi nyingi hufanyika katika vikao vya kuhariri kwa pamoja, mara nyingi maktabani na hasa mwezi Februari, mwezi wa historia ya watu weusi. Somo la kwanza kwa mgeni huwa jinsi ya kuweka rejeo. La pili huwa chungu: aliyokusimulia nyanya yako, hata kama alikuwa mstari wa mbele siku ile, hayahesabiki mpaka yawe yamechapishwa mahali.

Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, na nawaelewa. Lakini nadhani wanaoilaumu kamusi, pamoja na wengi wanaoitetea, wanachanganya vimya viwili. Kuna kimya cha gazeti lililokataa kuandika, na kuna kimya cha wahusika wenyewe, waliojificha wasiandikwe. Cha kwanza kinahitaji mtu mvumilivu wa kupekua. Cha pili kinahitaji adabu. Mkisha kuvifanya shimo moja la kujazwa kwa wasifu mpya kila wiki, mtaharibu kote kuwili.

Nianze na kile cha kwanza, nikimchukua Clyde Kennard. Alikuwa askari mstaafu wa Jeshi la Marekani, alipigana Korea, akasoma Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akarudi Mississippi katikati ya miaka ya 1950 kumsaidia mama yake kwenye shamba la kuku karibu na Hattiesburg. Karibu naye kulikuwa na chuo cha serikali kilichopokea wazungu peke yao, Mississippi Southern. Akaomba nafasi. Akanyimwa. Akaomba tena. Aliandika barua kwa gazeti la mji akieleza kwa upole kabisa kwa nini utengano wa rangi hauna mantiki. Mwaka 1960 akafunguliwa kesi ya kushiriki wizi wa chakula cha kuku chenye thamani ya dola 25. Kijana aliyekiri kuiba hakwenda jela. Kennard, aliyedaiwa kumtuma, alihukumiwa miaka saba katika gereza la Parchman, na baraza la mahakama la raia, wazungu watupu, lilihitaji dakika chache tu kuamua. Akiwa gerezani aliugua saratani, akaachiwa mwanzoni mwa 1963 hali ikiwa imeshaharibika, na akafariki tarehe 4 Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 36.

Sasa fikiria kamusi elezo iliyoandikwa 1965 kwa kufuata kanuni neno kwa neno. Ingesema nini? Ingesema Clyde Kennard alitiwa hatiani kwa kushiriki wizi. Hukumu ipo, gazeti lipo, mahakama ya rufaa imethibitisha. Kila chanzo kilichohesabika kuwa cha kuaminika kilikuwa upande mmoja. Ukweli ulipinduka miaka arobaini baadaye, pale shahidi mkuu wa serikali alipomwambia mwandishi wa gazeti la Clarion-Ledger kwamba Kennard hakuhusika. Mwalimu mmoja wa sekondari huko Illinois na wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa waliolivalia njuga jambo hilo, na mwaka 2006 mahakama ikaifuta hatia. Wanafunzi wa sekondari! Ndio maana simsikilizi sana mtu anayesema kazi hii iachiwe maprofesa.

Kwa Kennard na wengi wa aina yake, vyanzo vipo, ila haviko pale mhariri mwenye haraka anapotafuta. Magazeti ya watu weusi yalikuwepo muda wote: Chicago Defender tangu 1905, Pittsburgh Courier, Baltimore Afro-American, na jarida la Jet, lililochapisha picha ya uso wa Emmett Till, mvulana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi, mwaka 1955 wakati magazeti makubwa yakipitia mbali. Mengi yameshapigwa picha na kuwekwa kwenye hifadhi za kidijitali, lakini ukitafuta kwa jina tu utapitwa, kwa sababu herufi za zamani zimesomwa vibaya na kompyuta na majina ya watu yakageuka takataka. Inabidi utafute kwa mji na wiki, kisha usome kurasa zote kwa macho. Kuna majalada ya kesi. Kuna mahojiano zaidi ya mia moja yaliyorekodiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na Smithsonian, baada ya bunge kupitisha sheria ya kufanya hivyo mwaka 2009. Kuna taarifa ambazo Wizara ya Sheria huandika inapofunga jalada la mauaji ya zamani, chini ya sheria ya 2008 iliyopewa jina la Emmett Till. Kurasa chache kila moja, na ndani yake mna majina ambayo hayakuwahi kupewa hata aya moja katika gazeti la mji wao.

Halafu kuna hifadhi moja inayonifanya nicheke kicheko kisicho cha furaha. Mwaka 1956 jimbo la Mississippi lilianzisha Tume ya Mamlaka ya Jimbo, chombo cha kijasusi kilicholipiwa kwa kodi, kazi yake kulinda utengano wa rangi. Wapelelezi wake waliandika nani alihudhuria mkutano gani, gari gani liliegeshwa nje ya kanisa na namba zake, nani alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Kennard walimfuatilia kwa miaka. Tume ilikufa katika miaka ya 1970, mafaili yakafungiwa, na mahakama ikayafungua 1998: kurasa zaidi ya 130,000, zenye majina ya watu wapatao 87,000. Kwa hiyo mshonaji, mwalimu au mkulima wa kugawana mavuno ambaye gazeti halikumwona kuwa mtu, jasusi alimwona. Aliandika hata rangi ya gari lake.

Mtu wa kujitolea anapoyakuta mafaili haya hupata homa. Hatimaye, ushahidi! Hapo namshika mkono. Kanuni ya kamusi inakataza kujenga hoja yako mwenyewe juu ya nyaraka ghafi, na safari hii kanuni ina akili kuliko sisi. Majasusi walidanganya, walikosea majina, walimwita mkomunisti kila aliyevaa miwani. Zaidi ya hapo, waliotajwa walipewa nafasi ya kuomba majina yao yafichwe kabla mafaili hayajafunguliwa, na wapo walioomba. Mtu aliyepelelezwa akiwa na miaka ishirini hadaiwi na yeyote kuwa shujaa wa mtandaoni akiwa na sabini.

Hapo tumeshaingia kimya cha pili.

Mwaka 1956 Mwanasheria Mkuu wa Alabama alidai NAACP, chama cha kupigania haki za watu weusi, kikabidhi orodha ya wanachama wake katika jimbo. Chama kikakataa. Kikapigwa faini ya dola 100,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na kikaendelea kukataa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1958 iliamua kwa kauli moja kwamba jimbo halina haki ya kulazimisha majina hayo yatolewe. Kila mmoja alijua orodha ile ingefanya nini: kazi kupotea, mikopo kusitishwa, nyumba kuchomwa. South Carolina ilikuwa imeshapiga marufuku watumishi wa umma kuwa wanachama, na Septima Clark, aliyekuwa amefundisha miaka arobaini, alifukuzwa kwa kukataa kuukana uanachama wake. Wapiganiaji hawa, basi, walikwenda hadi mahakama ya mwisho kabisa kupigania haki ya kutoandikwa. Sisi tunakuja na kompyuta zetu kulalamika kwamba hawakuandikwa.

Tazama usiku wa tarehe 1 Desemba 1955 mjini Montgomery. Rosa Parks amekamatwa jioni kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo cha Alabama State na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, anaingia chuoni usiku wa manane na mwenzake mwenye ufunguo wa chumba cha mashine ya kurudufu, pamoja na wanafunzi wawili. Ujumbe wa kuwataka watu weusi wagomee mabasi unaandikwa mara tatu kwenye karatasi moja ili karatasi itoe vipeperushi vitatu. Wanazungusha mashine hadi alfajiri, makumi ya maelfu ya vipeperushi, kisha wanavikata na kuvifunga mafungu. Kufikia mchana vimesambazwa shuleni, madukani, kwenye saluni na viwandani. Kipeperushi hakina sahihi. Hakikuweza kuwa nayo: karatasi ni ya chuo, chuo ni cha jimbo, na jimbo ndilo lililoandika sheria za mabasi. Robinson alikuja kusimulia yote katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1987, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Bila kumbukumbu zile, mgomo ule uliodumu siku 381 ungeonekana kama uliota wenyewe, au kama ulivyosimuliwa mashuleni kwa muda mrefu: mama mmoja aliyechoka, Parks, na mchungaji mmoja kijana, Martin Luther King.

Ndiyo sababu siupendi mtindo wa kuhesabu wasifu. Kikao kinaisha, wanatangaza: leo tumeongeza makala kumi na mbili mpya! Ukizifungua, saba ni za aya mbili. Alizaliwa, alikamatwa, alifariki, na katikati kuna sentensi inayoanza na "mwanamke mweusi wa kwanza". Makala nyembamba namna hiyo ndiyo windo rahisi la wafutaji, na kusema kweli mara nyingine wana haki. Mbaya zaidi ni zile za kusifu mno, ambamo kila mtu alikuwa "jasiri" na "asiyechoka", hata usijue alifanya kazi gani hasa. Watu hawa walichoka. Wengine walijitoa. Jeanetta Reese alikuwa miongoni mwa wanawake watano walioweka majina yao kwenye kesi ya mabasi ya Montgomery, Februari 1956. Vitisho vikamfikia mara moja, akajiondoa. Ningependa msomaji amkute humo pamoja na hofu yake, kwani hofu ile inaeleza ubaguzi ulivyofanya kazi kuliko sifa kumi.

Kesi hiyohiyo inanifaa kueleza ninachokitaka. Iliyovunja ubaguzi wa mabasi ya Montgomery kisheria haikuwa kesi ya Rosa Parks. Ilikuwa Browder dhidi ya Gayle, na waliobaki kuwa wadai ni wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, bibi wa miaka ya sabini, Mary Louise Smith, msichana wa miaka 18, na Claudette Colvin, aliyekamatwa Machi 1955 akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Parks. Mahakama ya shirikisho ikawapa ushindi Juni 1956, Mahakama ya Juu ikathibitisha Novemba. Colvin sasa anajulikana, hasa baada ya kitabu kilichoandikwa juu yake kushinda tuzo kubwa ya taifa mwaka 2009. Rekodi yake ya mahakama ya watoto ilikuja kufutwa 2021. Je, wengine watatu kila mmoja apate makala yake? Wanaharakati wa kamusi watasema ndiyo, bila kufikiri. Mimi nasema itegemee kilichopo. Makala moja ya kesi, ndefu, iliyoandikwa kwa jasho, inayoeleza nani alikuwa nani, alipanda basi gani, aliulizwa nini mahakamani na alijibu nini, itamfaa Susie McDonald kuliko ukurasa wake peke yake wenye mistari minne na picha isiyokuwepo.

Najua jibu nitakalopewa: mbona hatuambiwi Rosa Parks aunganishwe kwenye makala ya mgomo? Kanuni ya mtu wa tukio moja, kwamba anayejulikana kwa tukio moja tu aelezwe ndani ya makala ya tukio hilo, huwaangukia wasiojulikana tu. Ni kweli, na sina jibu safi. Wasifu ni umbo linalompenda mtu aliyetangulia mbele peke yake, ilhali harakati hizi zilifanywa na kamati za jikoni, kwaya, vyama vya mazishi na madereva wa kujitolea. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kamusi ina ukurasa wa kila kidole na haina mahali pa kuuweka mkono. Nguvu ya watu wa kujitolea ingekwenda huko: shule za uraia zilizoanzia Johns Island, kisiwa cha South Carolina, mwaka 1957, ambako msusi Bernice Robinson alifundisha watu wazima kusoma ili waweze kujiandikisha kupiga kura, mtandao wa magari yaliyobeba watu mwaka mzima Montgomery, makanisa madogo yaliyotoa chumba kisha yakalipuliwa. Humo majina mengi yangeingia kwa haki yao, kila moja na rejeo lake, bila kulazimishwa kuvaa kofia ya ushujaa.

Kundi ninalolifikiria zaidi ni la wapishi. Georgia Gilmore, mpishi na mkunga wa Montgomery, alitoa ushahidi katika kesi ya Martin Luther King mwaka 1956, na mgahawa alikokuwa akipika ukamfukuza. Akafungua jiko nyumbani kwake. Pamoja na wanawake wengine alikuwa akiuza keki, pai na sahani za kuku nyumba kwa nyumba, fedha zikiingia kwenye petroli na matengenezo ya magari ya mgomo. Wengi wao walikuwa watumishi wa majumbani kwa wazungu, na wazungu kadhaa walinunua keki hizo bila kuuliza sana. Kundi likaitwa Klabu ya Kutoka Popote Pasipojulikana. Jina lile lilikuwa ngao: mtu akiulizwa fedha zimetoka wapi, anajibu kwa ukweli mtupu kwamba hazijatoka popote. Katika mikutano ya usiku kanisani Gilmore alisimama na kutaja kiasi kilichopatikana wiki ile, watu wakapiga makofi. Waliooka hakuwataja.

Gilmore ana makala yake kwenye kamusi. Wenzake wengi hawana, na kwa baadhi yao hatutapata hata jina, kwa kuwa walilificha vizuri. Alifariki 1990, wakati wa maadhimisho ya miaka 25 ya maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery. Chakula alichokuwa amewapikia waandamanaji wa maadhimisho hayo kilikuwa tayari, na familia yake ikawapakulia waombolezaji.